Kila Saa Mbili

Nyumbani, 6 Machi

Dada yangu,

Nisamehe kwa kukuweka muda wote huu. Najua kila lori la mbao likirudi kambini unamtazama dereva mikono, na kila mara anakuja na chumvi na misumari tu. Sikukusahau. Nikishika kalamu mkono mmoja una mtoto na wa pili una nepi, na wa tatu sikuumbiwa. Barua hii nimeianza mara nne. Ya pili nililala juu yake nikaamka na wino shavuni, mama mkwe akadhani ni ugonjwa.

Ni mvulana. Ametoka wiki tano kabla ya siku zake, kilo moja na gramu mia tisa. Baba yake alipompokea kwenye viganja vyake vyenye saruji alisema, "Huyu si mtoto, ni punje." Jina likaganda hapohapo, sasa hata nesi anamwita Punje.

Tulikaa hospitali siku kumi na moja. Siku ya kuruhusiwa tulikuwa wengi mlangoni na nesi alikuwa mmoja, ana haraka, lakini alinishika bega. Akasema mtoto mdogo hivi anaweza kulala mpaka akasahau kula. "Akilia, mpe. Asipolia, mwamshe kila saa mbili." Akaliandika na kwenye kadi nisije nikasahau. Dada, sikosi. Hata niwe hoi namna gani, kila saa mbili namwamsha. Unanijua, darasani sikuwa wa mbele, lakini nikiagizwa jambo, limeagizwa.

Na kulia halii. Jirani wa mlango wa pili, ambaye mtoto wake analia kama king'ora, amekuja kumtazama Punje kama mtu anayetazama redio mpya. Mama mkwe anasema katika wanawe saba hakuna aliyekuwa mpole hivi. Amehamia kwetu tangu tutoke hospitali, analala chumba cha mbele na mashati yangu. Ndiyo, mashati: bosi wa sare za shule ameshaleta furushi, vifungo mia mbili, anasema nishone nikiwa nimekaa, kwani kuna mzazi anayekaa? Mshono wa chini bado unaniuma. Nepi nafua tatu tu kwa siku, Mungu ametuhurumia kwa maji.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Nikimtazama sisikii kile walichosema nitasikia. Namwonea huruma kama ningemwonea mtoto wa mtu mwingine aliyeachwa mlangoni kwangu. Usinicheke.

Mdogo wako,
Mama Punje


Kambini, 13 Machi

Mdogo wangu, mama wa mpwa wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, sufuria ya maharage ikashika chini. Watu sitini wamekula maharage ya moshi bila kujua wanamsherehekea Punje. Mnyapara peke yake ndiye aliyeuliza. Nikamwambia leo ni mapishi ya kigeni.

Kila saa mbili! Mimi naamka mara moja tu kuwasha moto, na kutwa nzima najiona shujaa. Wewe mchana na usiku, na vifungo juu yake. Ndiyo maana mwandiko wako umelala ubavu. Usiache, huyo nesi anajua analosema. Shikilia hapohapo, kila saa mbili, hata mama mkwe akikwambia mwache alale.

Lakini utaanguka, na ukianguka mmeanguka wawili. Mwambie mama mkwe kwa adabu, "Mama, nipokee zamu moja nipate usingizi." Mtu aliyelea saba hawezi kukataa.

Na hilo ulilonong'ona, sikucheki. Mama alipofariki ulikuwa na miaka minne, mimi kumi na sita. Mwezi wa kwanza nilikuchukia. Ulikuwa unalia kila jioni mpaka nikatamani nikuuze. Mapenzi yaliingia baadaye, wala sikuona yalipita mlango gani. Nawe mpe muda.

Dada yako


Nyumbani, 27 Machi

Dada,

Shikamoo. Nilifanya kama ulivyosema. Nilimwomba mama mkwe zamu moja, akachukua ya jioni. Anamlaza mapajani, anampa maji ya vuguvugu yenye sukari kwa kijiko, ili mimi nisiamshwe. Nalala kama gogo. Nakushukuru, nisingethubutu kuomba peke yangu.

Punje ni yuleyule, mtulivu. Siku hizi amezidi kulala. Uso wake umekunjamana kidogo, mama mkwe anasema amefuata babu yake, ambaye alizaliwa mzee akafa mzee. Baba yake akirudi kazini anamkuta amelala, akitoka asubuhi anamwacha amelala. Juzi aliniuliza kwa utani kama kweli mtoto tunaye au tunafuga mto.

Maziwa yangu yanapungua. Mwanzo nilikuwa nalowa mpaka kwenye mashati ya watu, sasa titi limelegea. Mama mkwe anasema ni mawazo, na kwamba mwanamke anayeshona huku ananyonyesha maziwa yake yanaingia kwenye uzi. Nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia. Siku hizi nalia hata sabuni ikiniponyoka.

Kliniki nilikwenda kumpima. Wamesema anaendelea. Usiwe na wasiwasi.

Mama Punje


Kambini, 3 Aprili

Mdogo wangu,

Usikasirike kwa nitakayouliza.

Hapa jikoni tumepata msaidizi, mke wa fundi wa msumeno. Tunamwita Mama Pacha maana alibeba mimba mbili akapata wanne. Nilikuwa namsimulia habari za Punje huku tunamenya viazi, najisifu: mpwa wangu halii, mpwa wangu anachafua nepi tatu tu kwa siku. Akaacha kumenya. Akasema, "Tatu kwa saa ngapi?" Nikasema kwa siku. Akasema, "Wangu mmoja alikuwa wa nepi nane, tisa. Kisichoingia hakitoki, mpishi. Wewe unapika, hilo hulijui?"

Tangu hapo viazi vinanikwama.

Sasa nisikilize. Wewe unamwamsha kila saa mbili, mtoto ananyonya mara zote hizo, iweje nepi ziwe tatu? Na maziwa yapungueje? Labda hashiki titi vizuri. Na hayo maji ya sukari yaacheni, ni mtoto yule, si chai.

Niandikie siku yake moja nzima, tangu asubuhi mpaka asubuhi ya pili. Kila anapoamka na kila anaponyonya. Usiruke kitu.

Na wamesema anaendelea na kilo ngapi?

Dada yako


Nyumbani, 10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwa sauti, kosa langu, mama mkwe akasikia. Akasema siku hizi nepi za mjukuu wake zinahesabiwa na wapishi msituni. Kisha akasema neno jingine ambalo nisingekuandikia, lakini umesema nisiruke kitu. Alisema, "Dada yako kuzaa hakuzaa, kunyonyesha atafundisha nini?" Nilimjibu kwamba mimi ndiye niliyelelewa naye na bado naishi. Tumenuniana siku tatu. Kwa hiyo usinione nimekuandikia kwa hasira, hasira yote imeishia humu ndani.

Siku yake ni hii. Nimeiandika jana, sikukisia.

Alfajiri baba yake anatoka, Punje amelala. Nafua, natandika, nashona vifungo, amelala. Ikifika saa mbili asubuhi, wanafunzi wakishapita dirishani, namwamsha kama nilivyoagizwa. Nampangusa uso kwa maji ili afumbue macho. Ananyonya kidogo, kama robo ya muda ule wa hospitali, halafu anachoka, anatoa jasho puani, analala na titi mdomoni. Nasubiri alie. Jana alilia mara moja, kama saa nane, si kulia hasa, ni kama paka aliye chumba cha pili. Nikampa. Jua likashuka amelala. Saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza kwa jirani, mama mkwe anamwamsha zamu yake, anampa vile vijiko. Kabla ya alfajiri mara nyingine anajigeuza, nampa titi nikiwa usingizini, sijui anapata nini. Kisha inafika tena saa mbili asubuhi.

Ndiyo hivyo, asubuhi na usiku, sijaruka hata moja tangu tutoke hospitali. Sasa niambie nimekosea wapi, kwa sababu mimi sioni, na hilo ndilo linanichosha kuliko kazi.

Nepi za jana zilikuwa mbili.

Mama Punje


Kambini, 12 Aprili

Mdogo wangu,

Usimalize kusoma ukiwa umekaa. Simama, mchukue Punje, nenda hospitali sasa hivi. Barua utaisomea njiani.

Nesi hakusema saa mbili ya ukutani. Alisema zikipita saa mbili mwamshe, zikipita nyingine mbili mwamshe tena. Mara kumi na mbili kwa siku, mdogo wangu. Kumi na mbili. Wewe umemwamsha mara mbili, na moja kati ya hizo mbili mimi ndiye niliyekwambia uigawe.

Nimempigia dereva magoti arudi leo ingawa lori halijajaa. Waambie hospitali hivi nilivyoandika. Waonyeshe kadi. Usione haya. Nenda.

Dada


Kambini, 26 Aprili

Mdogo wangu,

Dereva amerudi mara mbili bila barua. Mara ya kwanza alisema alikukabidhi mkononi. Mara ya pili alikuta mlango umefungwa, na jirani akamwambia mko hospitali wote, hata mama mkwe, na kwamba ulitoka umevaa viatu viwili visivyofanana. Zaidi ya hapo jirani hakujua, au hakutaka kumwambia mtu wa lori.

Barua yako ya kwanza ninayo. Umeandika "kila saa mbili" na mimi nikasoma nilichotaka kusoma. Nikakusifu. Shikilia hapohapo, nilisema. Siku ile ningekuuliza swali moja tu la kijinga, mara ngapi kwa siku, lakini sikutaka kuonekana sijui. Mwanamke ambaye hajazaa anajifunza kutikisa kichwa mapema. Mama mkwe wako hakukosea kwa hilo.

Nimeomba ruhusa, mnyapara amekataa mpaka apatikane wa kushika jiko. Mama Pacha anajifunza, lakini bado anapikia watu sitini kama anapikia wanne.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata kama ni ule mbaya. Na kama mko hospitali mnahitaji vitu, vitaje vyote kwa majina, usiandike "chochote tu".

Dada


Wodini, 15 Mei

Dada,

Yupo.

Naanza na hilo kwa sababu najua ulikuwa hupumui.

Barua yako ilifika asubuhi, dereva aligonga kama askari. Niliisoma mlangoni, kisha nikairudia kwa sauti maana sikuyaamini macho yangu. Mama mkwe alikuwa anakunja nepi. Akasema, "Mara kumi na mbili?" Akasema tena, taratibu, "Mara kumi na mbili," akakaa chini sakafuni na nepi mkononi. Nikamwinua Punje. Nikampangusa uso. Nikampigapiga nyayo. Hakufumbua.

Njia sikumbuki. Nakumbuka mizani. Iliganda palepale siku aliyozaliwa, kilo moja na mia tisa na vijigramu, kana kwamba ile miezi miwili hatukuiishi. Sasa nikuambie. Kliniki sikwenda. Nilikudanganya. Siku ya kupimwa ilikuwa mvua, mama mkwe akasema atashikwa na baridi. Wiki ya pili hakukuwa na mvua. Niliogopa tu kwamba nesi ataniangalia ajue sisikii kitu kwa mtoto wangu, kwamba liko usoni. Nikaona heri nikae nyumbani nifuate maagizo.

Siku ya pili hapa alikakamaa, macho yakaenda juu. Walisema sukari ya mwilini ilikuwa imeshuka mno, tena kwa muda mrefu. Hali hiyo ya kukakamaa ilimrudia mara tatu. Tangu Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu haijarudi. Nilimuuliza daktari kama kichwa kimeumia. Akasema tutajua akifika umri wa kukaza shingo, umri wa kukaa, umri wa kugeukia sauti. Nikamuuliza tutajua nini. Akasema, "Tutajua, mama."

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikumchelea, Dada. Ningefurahi alie nyumba nzima isilale. Wangu hakulia.

Nesi ni yuleyule. Nilimpa kadi. Aliusoma mwandiko wake mwenyewe akiwa amesimama katikati ya wodi, watu wanampita. Hakukana, wala hakunigombeza kama nilivyotegemea. Alisema, "Nimeandika hivi miaka tisa." Basi. Tukatazamana, na nadhani sote wawili tulikuwa tunawawaza hao wengine waliotoka mlango huu na kadi zao. Siku hizi akiruhusu mtu, anamuuliza kwanza, "Utamwamsha mara ngapi?" Juzi mmoja alijibu mara mbili. Nilikuwa kitandani nakamua maziwa, nikasikia. Nikageukia ukuta.

Baba Punje aliisoma kadi naye. Akasema, "Hiki ni Kiswahili gani?" Halafu akanigeukia, "Na wewe ulisoma Kiswahili gani?" Kila mchana anakuja na saruji yake mikononi, haruhusiwi kumgusa bila kunawa, ananawa, kisha hamgusi. Anasimama dirishani mpaka kengele ya kutoa wageni. Sijui nikirudi nyumbani nitarudi kwa nani.

Mama mkwe ndiye ninayemshangaa. Anatembea asubuhi na jioni kuniletea uji. Mtu alipomsalimia kwenye korido akamwuliza mjukuu anaendeleaje, alijibu, "Nilimpa maji." Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, sote tulimpa maji." Wewe pia usianze, Dada. Najua uko huko unajihukumu mbele ya sufuria. Ulisema zamu, hukusema sukari. Na ndiye uliyeuliza kilo ngapi, mimi nikanyamaza. Tukianza kugawana kosa hili halitatosha kwa mtu mmoja, na mimi sina nguvu za kugawa.

Sasa hivi anapata maziwa yangu kwa mpira wa puani, na kidogo kwa kikombe. Maziwa yamerudi, nakamua mpaka vidole vinakufa ganzi. Nimemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, hata sasa ninavyoandika yuko chini ya kitenge, karatasi nimeiweka mgongoni kwake. Nesi anakuja, au nasimama mwenyewe, mara kumi na mbili. Siangalii saa ya ukutani. Nachora kijistari kwa kila mlo, na nikifika kumi na mbili nafungua mstari mpya. Wiki hii ameongeza gramu tisini. Leo asubuhi walipomchoma sindano alilia, kulia kwa kweli, wodi nzima iligeuka. Mama wa kitanda cha pili akaniambia pole. Mimi nilikuwa nataka wamchome tena.

Hilo nililokunong'oneza mwezi wa tatu, sijui nikuambie limeisha. Ninachosikia sasa ni woga. Lakini ni woga wangu, wa mtoto wangu, siwezi kumpa mtu mwingine aushike.

Usiache kazi kuja. Nasema kweli, si kwa adabu. Ukija tutalia wawili na hakuna atakayekamua. Daktari anasema tutakaa hapa mpaka afike kilo mbili na nusu, na baada ya hapo tutakuwa tunarudi kila wiki, mwaka mzima au zaidi. Mashati bosi amekuja kuyachukua, vifungo arobaini vilikuwa bado.

Umesema nitaje kwa majina. Vilivyopatikana nimevikata, hivi ndivyo bado.

Mdogo wako,
Mama Punje

Vikombe vidogo viwili vya kulishia, vya chuma, vinavyochemshika. Vya plastiki hapa wanakataa.
Ndoo moja yenye mfuniko.
Vitenge viwili vya zamani vilivyolainika, vipya vinamkwaruza.
Sabuni ya kipande, sita.
Chupa ya chai moja, ya maji ya moto.
Kalamu mbili na daftari la mistari, la kurasa nyingi.
Kofia mbili za sufu. Mama Pacha kama anajua kufuma, kichwa cha Punje ni kama chungwa, asikisie zaidi.
Viatu vyangu vya wazi vilivyobaki kwako, miguu imevimba.
Nguo za mtoto mchanga nne, za ukubwa wa siku ya kwanza. Usinunue kubwa kwa kutumaini. Zikimbana nitakuandikia.